Ndani ya Moshi Mna Nini? Tumbaku Kati ya Fatwa na Maabara



 

Kila mtaa una mzee wa aina hii, na kwetu sisi ni ami yangu. Muadhini akianza tu adhana ya Magharibi, ami hula tende kokwa moja, hunywa maji mafunda mawili, kisha mkono unakwenda mfukoni. Uji hata haujamiminwa. Anatoka barazani, kibiriti kinalia, na moshi unaingia kwenye kifua kilichofunga tangu alfajiri. Nilipokuwa bado nasoma chuoni, yaani madrasa, siku moja nilijitia ujasiri nikamuuliza: "Ami, si haramu hiyo?" Akacheka hadi akakohoa. "Mwanangu, hiyo ni makuruhu tu. Maulamaa wamehitilafiana tangu zamani."

Wallahi hakukosea. Walihitilafiana kweli, tena kwa zaidi ya miaka 300. Lakini wewe umewahi kujiuliza walihitilafiana juu ya nini hasa? Mimi nilidhani ni suala la aya na hadithi. Sasa niko chuo kikuu nasoma kemia, na nimegundua kwamba nusu ya jibu imo kwenye vitabu vya fiqhi na nusu nyingine imo kwenye vyupa vya maabara. Hebu fuatana nami, msomaji, tuanze mwanzo.

JANI LISILOKUWEMO VITABUNI

Tumbaku si mti wa Makka wala Madina, si wa Sham wala wa Uhindi. Asili yake ni Amerika. Waliokwenda na Columbus mwaka 1492 waliwakuta wenyeji wa kule wakiivuta. Mnamo mwaka 1560 balozi wa Ufaransa mjini Lisbon, jina lake Jean Nicot, aliipeleka kwa wakubwa wake kama dawa. Kwa jina lake huyu ndiyo tukapata neno nikotini. Ilipofika mwaka 1600 hivi, meli na misafara ilikuwa imeshaifikisha Istanbul, Cairo na Uhindi.

Kule Uhindi kuna kisa kimoja kitamu. Asad Beg, mtumishi wa mfalme Akbar, alirudi kutoka Bijapur na kiko kizuri cha kupambwa akampelekea mfalme zawadi. Akbar akavuta mara mbili tatu. Matabibu wa baraza wakaingiwa na hofu: kitu hiki hakimo katika vitabu vyetu, tutajuaje athari zake? Asad Beg akawajibu kwamba kila desturi duniani ilikuwa ngeni siku yake ya kwanza. Mabishano yote yaliyokuja baada ya hapo, hata ya masheikh wakubwa, yalirudi palepale: kitu hakimo vitabuni, basi tutajuaje?

Cairo, pale Azhar, walikuwako maulamaa wawili wa madhehebu moja, Maliki, na zama moja. Ibrahim al-Laqani, aliyefariki mwaka 1631, aliandika risala ya kuwanasihi ndugu zake waiepuke tumbaku. Ali al-Ajhuri, aliyefariki mwaka 1656, akaandika risala ya kuthibitisha kwamba kisichoondoa akili ni halali kukivuta. Kwa upande wetu sisi Mashafii, al-Qalyubi, aliyefariki mwaka 1659, aliharamisha. Kisha Damascus akatokea Abdulghani al-Nabulusi (1641–1731), mwanachuoni mkubwa, akaandika kitabu kizima cha kutetea uhalali wake. Hawa si watu wa kuchezewa, ndugu yangu. Kila mmoja wao alihifadhi zaidi ya nitakachokisoma mimi umri wangu wote.

Sasa tazama hoja zao. Je, inalevya? Wengi walikubali mwishowe kwamba hailevyi kama tembo. Je, ni israfu? Inategemea mfuko wa mtu. Je, ni katika khabaith, vitu vichafu vilivyotajwa katika Suratul Aaraf aya ya 157? Mmoja anasema inanuka, mwengine anasema mimi nafsi yangu yaipenda. Ikabaki hoja moja nzito: je, inadhuru? Hapa wote walikubaliana juu ya kanuni. Hakuna aliyesema kinachodhuru ni halali. Hata al-Ajhuri alisema anayedhurika kwayo imemharimikia. Walichotofautiana ni kama madhara yenyewe yapo au hayapo, na ni kwa nani.

Kitabu cha Bughyat al-Mustarshidin, alichokikusanya Mufti wa Tarim, Sayyid Abdurrahman al-Mashhur (aliyefariki mwaka 1902), kinatumiwa sana na masheikh wetu wa pwani. Nacho ukikifungua kwenye suala la tumbaku utakuta maana hiyohiyo: haikupokewa hadithi juu yake, na yule inayemdhuru akili yake au mwili wake, kwake ni haramu. Kwa hiyo hukumu ilikuwa kama mlango wenye kufuli, na ufunguo wake ni elimu ya madhara. Ufunguo huo hakuwa nao mtu yeyote wakati ule, Muislamu wala asiye Muislamu.

Watawala nao walijaribu njia yao, na njia yao ni upanga. Sultan Murad wa Nne aliipiga marufuku Istanbul mwaka 1633, baada ya moto mkubwa kuunguza mji, na adhabu ilikuwa kifo. Katip Çelebi, mwandishi aliyeishi zama hizo, anasimulia katika kitabu chake cha mwaka 1656 kwamba vitani askari walikuwa wakiuawa kwa kosa hilo, na wenzao wakificha viko vifupi kwenye mikono ya nguo, wakivuta hata wakati wenzao wanauawa! Hebu fikiria. Mtu anaona kichwa cha rafiki yake kinaanguka na bado anatafuta pa kuvutia. Murad akafariki mwaka 1640. Haikuchukua muda Shaykhul Islam Bahai Efendi, mwenyewe mvutaji mkubwa, akatoa fatwa ya kuiruhusu, na baadaye serikali ikaanza kuitoza ushuru. Siasa ya tumbaku imeshaijua, msomaji: ikishaingiza pesa hazina, upanga hurudi alani.

(Nitaje kwa haraka na ile fatwa mashuhuri ya Iran ya Disemba 1891, ya Mirza Shirazi, kwa sababu watu huichanganya. Ile ilikataza tumbaku kwa kuwa Shah alikuwa amempa Muingereza mmoja biashara nzima ya tumbaku ya nchi. Watu wakaacha kuvuta, mkataba ukavunjwa Januari 1892, na viko vikawashwa tena. Suala lilikuwa ukoloni, si mapafu.)

CHOMBO CHA MARASHI

Nani basi aliufungua moshi? Hapa kuna jambo linalonifurahisha mimi kama mwanafunzi wa kemia niliyepita madrasa.

Unajua marashi ya mawaridi yanavyotengenezwa. Maua yanachemshwa, harufu inapanda na mvuke, mvuke unapita kwenye mrija, unapoa, unatona. Chombo hicho kwa Kiarabu ni al-anbiq, na waliokikuza na kukiandikia vitabu ni Waislamu. Al-Kindi, wa karne ya 9, aliandika kitabu kizima cha kemia ya manukato na ukenekaji. Wazungu walikichukua chombo pamoja na jina lake. (Ndicho pia, Mungu atunusuru, wanachopikia chang'aa.) Kazi yake ni moja: kutenganisha kile kinachoruka na mvuke na kile kinachobaki chunguni. Vitu vinavyoruka ndivyo vyenye harufu, na katika tumbaku ndivyo vyenye siri.

Mwaka 1809 mwanakemia wa Ufaransa, Vauquelin, alikenesha maji ya tumbaku akapata kitu kikali chenye kuruka, lakini hakukisafisha mpaka mwisho. Mwaka 1828 vijana wawili wa Chuo Kikuu cha Heidelberg, Ujerumani, tabibu Posselt na mwanakemia Reimann, wakakitoa kikiwa safi: mafuta yasiyo na rangi, yanayogeuka kahawia yakikaa hewani. Wakakiita nikotini, na wakasema wazi kuwa ni sumu.

Siri ya kuitoa ilikuwa hii. Ndani ya jani nikotini imefungamana na tindikali, na ikiwa hivyo hairuki. Ukitia kitu chenye ukali wa alkali, kama chokaa, kinaikamata ile tindikali na nikotini inaachiliwa huru, ikapanda na mvuke.

Sasa simama hapo kidogo, msomaji, ufikirie nyumbani kwenu. Bibi anapofunga tambuu anatia nini? Popoo, katu, tumbaku na chokaa. Wanaosaga ugoro wanachanganya nini? Magadi. Kwa nini? Ukiwauliza watakwambia bila magadi ugoro "haushiki". Wallahi hiyo ndiyo kanuni ya Heidelberg! Chokaa na magadi vinaiachilia nikotini huru ndani ya kinywa na puani, ipenye haraka kwenye damu. Bibi zetu hawakuwa na maabara lakini ulimi wao uliijua kemia kabla ya Posselt na Reimann. Likumbuke jambo hili la magadi, tutalirudia, maana kuna wakubwa wengine waliolitumia kwa faida yao.

Ikiwa bado una shaka kwamba kitu hiki ni sumu, sikiliza kesi ya Ubelgiji. Mwezi wa Novemba 1850, mtu wa ukoo wa makabaila, Count Bocarmé, alijifungia na majani ya tumbaku na vyombo vya kukenesha, akajitengenezea nikotini safi, akamnywesha shemeji yake kwa nguvu ili apate urithi. Kisha akamwagia siki kuficha harufu. Alidhani hakuna atakayejua, kwani wakati ule hapakuwa na njia ya kuitoa sumu ya mmea katika maiti. Viungo vikapelekwa kwa mwanakemia Jean Stas, Brussels. Stas akahangaika, akavisafisha na kuvitia alkali, akatumia etha kuivuta ile sumu, na ikabaki kwenye kibakuli harufu ileile ya tumbaku. Bocarmé alikatwa kichwa mwaka 1851. Njia ya Stas ikawa msingi wa kutafuta sumu za mimea katika maiti duniani kote.

Kwa hiyo katikati ya karne ya 19 ilishajulikana kwamba ndani ya jani mna sumu ya kuua. Lakini wavutaji walikuwa na jibu, na lilikuwa jibu la haki: mbona mimi sifi? Kweli, sigara moja humpa mtu kama miligramu moja tu ya nikotini. Inatosha kufika ubongoni kwa sekunde 10 hadi 20 na kumfanya aitamani tena, haitoshi kumuua. Kinachoua kilikuwa kingine, na hicho al-anbiq peke yake haikuweza kukitenga.

KUTOKA FERI YA LIKONI

Katika miaka ya 1930, Buenos Aires, daktari Angel Roffo alichoma tumbaku, akakusanya lami yake, akaipaka masikioni mwa sungura. Wakapata saratani. Akaendelea kuchambua lami hiyo akaona alama za benzopaireni, kemikali ya moshi inayosababisha saratani. Mwaka 1950, Waingereza Doll na Hill, na Wamarekani Wynder na Graham, wakachapisha hesabu za wagonjwa zilizoonyesha kwamba wenye saratani ya mapafu takriban wote ni wavutaji. Swali la al-Laqani na al-Ajhuri likaanza kupata jibu: madhara yapo, ila huchukua miaka 20 au 30 kujitokeza. Hiyo ndiyo sababu wao hawakuyaona. Mvutaji wa Cairo angepata saratani yake, akazikwa ikasemwa ni kifua.

Lakini ni kitu gani hasa ndani ya moshi? Moshi ni mchanganyiko wa maelfu ya vitu, vingine ni chembe, vingine ni gesi tupu, na kimoja kinajificha nyuma ya kingine.

Ufumbuzi ulitokana na mtaalamu wa mimea wa Urusi, Mikhail Tswett, aliyeanza mwaka 1903 kutenganisha rangi za majani kwa kuzipitisha katika bomba la unga wa chokaa. Njia hiyo akaiita kromatografia. Mwaka 1952, London, James na Martin wakaifanya kwa gesi, na mwaka huohuo Martin akapewa Tuzo ya Nobel, pamoja na Synge, kwa kazi yao ya awali.

Mashine hii ndiyo iliyonifanya niipende kemia, basi niruhusu niieleze. Umewahi kushuka feri ya Likoni asubuhi? Mlango unafunguliwa, watu wote wanatoka pamoja. Lakini tazama juu ya mlima. Kwanza wanafika vijana wasiobeba kitu, kisha wafanyikazi, kisha mama mwenye mtoto, mwisho mzee mwenye gunia. Waliondoka chini wakiwa kundi, juu wanafika mmojammoja, kila mtu kwa wakati wake. Mashine nayo ni hivyo. Moshi unaingizwa mwanzo wa mrija mrefu mwembamba uliopakwa kitu cha kunata ndani, na gesi nyingine inausukuma. Kemikali nyepesi zinapita mbio, zinazonata zinachelewa. Upande wa pili kipimo kinachora mlima mdogo kila moja ikitoka. Ukiunganisha na mashine ya kupima uzito wa vipande vya kila kemikali, ni kama kuchukua alama za vidole za kila abiria anapofika juu.

Na waliofika juu ni akina nani? Fomaldehaidi, ambayo ikiwa kwenye maji ndiyo dawa ya kuhifadhia maiti. Asetoni ya kufutia rangi ya kucha. Benzini, iliyomo katika petroli, na inayosababisha saratani ya damu. Sianidi. Amonia, harufu ya choo kisichosafishwa. Akrolini, ile inayowasha macho mafuta yakiungua jikoni. Mwaka 1964 wanasayansi wa Harvard, Radford na Hunt, wakakuta poloniamu, kitu chenye mionzi, ambayo kwa joto la sigara huruka na moshi hadi mapafuni. Miaka ya 1970 wakapatikana akina nitrosamini, wanaozaliwa na tumbaku yenyewe inapokaushwa na kuhifadhiwa, na hawa ni katika wabaya zaidi. Ripoti ya mganga mkuu wa serikali ya Marekani ya mwaka 2010 ilihesabu kemikali zaidi ya 7,000 katika moshi wa tumbaku, na kama 70 katika hizo husababisha saratani.

Jambo moja la ajabu. Ncha ya sigara ikivutwa hufika joto la nyuzi 900 hivi. Nyuma ya kaa hilo kuna sehemu ambayo haiungui bali inaokwa, na vitu vya jani vinapanda kama mvuke na kufuata pumzi. Yaani sigara yenyewe ni al-anbiq ndogo, na mahali pa kutona ni kifua chako.

WALIJUA

Sasa ingekuwa sayansi imekuja, ulimwengu ukajua, mambo yakaisha. Lakini mashine hizi ni ghali, na wenye pesa za kuzinunua walikuwa ni nani? Kampuni za sigara. Maabara zao zilikuwa miongoni mwa zilizoujua moshi vizuri kuliko zote duniani.

Tarehe 4 Januari 1954 kampuni za Marekani zilitoa tangazo katika magazeti zaidi ya 400, zikisema haijathibitishwa kwamba sigara huleta saratani na kwamba zitafanya utafiti. Mwaka 1963 wakili mkuu wa kampuni ya Brown & Williamson aliandika, katika waraka wa siri, kwamba biashara yao ni kuuza nikotini na kwamba nikotini humfanya mtu mtumwa. Miaka 31 baadaye, tarehe 14 Aprili 1994, wakuu saba wa kampuni za tumbaku walisimama mbele ya Bunge la Marekani, wakala kiapo, na kila mmoja akasema haamini kwamba nikotini inamtia mtu uraibu. Mmojawapo alikuwa mkuu wa kampuni hiyohiyo.

Na yale magadi? Nyaraka zilizotolewa hadharani baada ya kesi za miaka ya 1990 zilionyesha kwamba kampuni zilikuwa zikitumia amonia katika tumbaku, na wataalamu wao walielewa vizuri kwamba alkali huiachilia nikotini. Kanuni ya bibi na ugoro wake, lakini sasa imo kiwandani, na mvutaji haambiwi. Bibi angalau anajua alichotia.

Walijua vilevile kuihadaa mashine. Kuanzia mwaka 1967 serikali ya Marekani ilipima sigara kwa mashine inayovuta mililita 35 kwa sekunde mbili, mara moja kila dakika. Basi zikatobolewa tundu ndogondogo kwenye kichungi. Mashine ikivuta, hewa inaingia pale, kipimo kinaonyesha lami kidogo, na pakiti inaandikwa "laiti". Binadamu akishika, vidole na midomo vinaziba zile tundu, na mwenye hamu huvuta kwa nguvu zaidi. Jaji Gladys Kessler aliwahukumu mwaka 2006 kwamba waliwadanganya watu kwa miongo mingi.

Lililoniuma mimi zaidi ni hili. Mwaka 2015 watafiti walichapisha walichokisoma katika nyaraka hizo kuhusu sisi. Kumbe tangu miaka ya 1970 kampuni zilikuwa zikiiona dini yetu kama tishio kwa biashara. Zikatafuta washauri wa Kiislamu, zikafuatilia fatwa, na kutaka wanaokataza sigara waonekane ni watu wa siasa kali. Ina maana ile ikhtilafu iliyoanza kwa maulamaa wasiokuwa na chombo cha kujua, ilishikiliwa hai na watu waliokuwa nacho. Sasa ami anaposema "maulamaa wamehitilafiana", mimi hujiuliza maneno hayo yamepitia mikono mingapi kabla ya kufika barazani petu.

Maulamaa wenyewe hawakusubiri mpaka mwisho. Mwaka 1988 Shirika la Afya Duniani, kupitia ofisi yake ya Mashariki ya Mediterania, lilichapisha kijitabu cha hukumu ya Kiislamu juu ya uvutaji, kikiwa na kauli za wanazuoni wa Azhar na wengineo. Wengi wao, baada ya kuletewa ushahidi wa madaktari, walikwenda kwenye uharamu. Hawakumtukana al-Ajhuri wala al-Nabulusi. Walichukua kanuni yao wenyewe wakaitia ule ufunguo uliokosekana. Huku kwetu, Kenya iliridhia mkataba wa kimataifa wa kudhibiti tumbaku mwaka 2004 na kupitisha sheria yake mwaka 2007.

MAJI HAYACHUJI

Nisimalize bila kuwataja vijana wenzangu, na dada zangu pia, wanaokwenda shisha baada ya tarawehe. Mwaka 2017 serikali ilitangaza kuipiga marufuku, na kesi zikafuata mahakamani, lakini hilo tuwaachie mawakili. Wanaoivuta husema: hii si sigara, moshi unapita kwenye maji, unasafishwa, na tena ina harufu ya tufaha.

Wazee wetu walivuta kiko cha namna hiyohiyo, chenye bori juu, digali katikati na maji chini, na kifua kikawabana vilevile. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, Chuo Kikuu cha Marekani cha Beirut, mtaalamu Alan Shihadeh aliivutisha shisha kwa mashine akachambua moshi uliokwisha kupita majini. Nikotini imo, lami imo, jamii ya benzopaireni imo, na kaboni monoksaidi ni nyingi kwa sababu ya makaa. Maji huupoza moshi tu, na ukishapoa unaingia kwa wingi bila kukereketa koo. Shirika la Afya Duniani lilisema mwaka 2005 kwamba kikao kimoja cha saa nzima kinaweza kumwingizia mtu moshi wenye ujazo wa mara 100 hadi 200 ya ule wa sigara moja.

Na wewe unayefunga na unavuta, nakupa hesabu yako. Kila baada ya saa mbili hivi mwili huondoa nusu ya nikotini iliyomo kwenye damu. Ukivuta ya mwisho baada ya daku, kwa saa 12 imegawanyika nusu mara sita, imebaki sehemu moja kati ya 64. Kaboni monoksaidi nayo hupungua nusu kwa kila saa nne au tano, kwa hiyo imeshuka chini ya robo. Magharibi ya Ramadhan ndiyo saa ambayo damu yako ni safi kuliko saa zote za mwaka, na usingizini hukuwa, ulikuwa macho, kazini, juani. Umeshaiweza siku nzima.

Hesabu hii nilimweleza ami Ramadhan iliyopita. Yeye sasa kifua chake kinapiga filimbi, na akipanda ngazi hupumzika katikati. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza, "Hiyo mashine yenu ya Likoni, inaweza kunipima mimi?"

Nikamwambia, "Naam, ami. Mwili hugeuza nikotini kuwa kitu kiitwacho kotinini. Inapatikana kwenye damu, mkojo, hata mate."

"Basi itaniona."

"Itakuona. Itamuona na Zuhura." Zuhura ni mjukuu wake, ana miaka mitano, hulala chumba cha mbele ambacho dirisha lake ni la barazani. Nilimweleza kwamba tangu miaka ya 1980 watafiti wamekuwa wakiikuta kotinini kwenye mate ya watoto ambao hawajashika sigara maishani mwao, kwa sababu tu wanaishi na anayevuta. Al-Laqani na al-Ajhuri waligombana juu ya mvutaji. Huyu mtoto hakuwemo katika mabishano yao.

Ami hakunijibu. Siku ya pili alikula tende, akanywa maji, akakaa mkekani mpaka uji ukaisha, jambo ambalo sijaliona tangu nizaliwe. Kisha akasimama, akavuka barabara, akaenda kuwasha yake kule ng'ambo chini ya mwarobaini, peke yake.